Kiraka Kimoja, Barua 17

Ndugu zangu, najua mmeshaisikia hadithi ya jinsi nilivyotuma kiraka kwenye mradi wa watu. Mshkaji wangu kaisimulia anavyojua yeye, na kwenye simulizi yake nimetuma barua mia tatu na nimefungiwa maisha. Uongo mtupu. Zilikuwa 17, na hakuna aliyenifungia. Acheni niseme mwenyewe kabla hazijafika elfu.

Nyie mnaopeleka kazi zenu kwa kubofya kitufe kwenye tovuti, mna raha zenu. Kuna miradi ya programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, ambayo mpaka leo inataka kiraka, yaani mabadiliko yako ya msimbo, kije kwa barua pepe, maandishi matupu, mistari ya kujumlisha na kutoa ikiwa ndani ya barua yenyewe. Kerneli ya Linux, kiini cha mfumo endeshi huo, iko hivyo. Git nayo, chombo cha kutunza historia ya msimbo ambacho Linus Torvalds alikianzisha 2005 kwa ajili ya hiyo hiyo kerneli, iko hivyo. Ukijifanya mjanja ukanakili kiraka na kukibandika kwenye barua ya kawaida, programu ya barua inaweza kukata mistari mirefu na kugeuza tabo kuwa nafasi, kikifika huko hakipachikiki popote. Ndiyo maana ikawekwa git send-email, amri ya Git inayotuma kiraka kwa barua pepe yenyewe.

Na mimi nilitaka kurekebisha nini? Herufi mbili zilizopishana kwenye ujumbe wa kosa. Basi. Herufi mbili.

Nikaandika amri, Git ikanijibu kwamba send-email si amri ya Git. Nikabishana nayo kwa sauti. Kumbe kwenye Linux nyingi kitu hicho kimetengwa kwenye kifurushi chake, git-email, lazima ukisakinishe peke yake. Nikasakinisha. Nikaweka seva, nikaweka mlango 587, nikaweka tls, nikaandika nenosiri langu, seva ikanirudishia 535: hatukutambui. Nenosiri lile lile ninaloingilia kila siku! Kumbe ukishawasha uthibitisho wa hatua mbili, unatakiwa utengeneze nenosiri jingine maalumu kwa ajili ya programu, lile la kawaida linatemwa. Nikatengeneza. Hapo usiku umeshakwenda, macho mekundu, lakini moyo unasema leo ni leo.

Sasa ili kujaribu unahitaji kitu cha kutuma. Kwenye tawi langu, yaani nakala yangu ya kufanyia kazi, nikawa nachokonoa mstari wowote, nafanya komiti (nahifadhi badiliko na ujumbe wake), najitumia mwenyewe kwa -1, yaani komiti ya mwisho peke yake, na --to yenye anwani yangu. Ikigoma, komiti nyingine. Na ujumbe wa komiti saa zile unaandika nini? Unaandika kilichoko moyoni. Kwenye moja nikamtania mshkaji, maana ndiye aliyenishawishi niingie programu huria. Watu wa viraka huwa wanamalizia ujumbe na mistari ya heshima, Signed-off-by, Reviewed-by. Mimi nikaweka "Kanidanganya-by:" na anwani yake ya barua pepe. Nikacheka peke yangu.

Hatimaye barua ikaingia kwenye sanduku langu, safi, imenyooka. Nikafanya rekebisho lenyewe, zile herufi mbili, nikalifanyia komiti yenye ujumbe wa Kiingereza cha suti na tai. Sasa tuma.

Hapa naomba twende polepole.

Kama ningeandika -1 kama nilivyozoea, hadithi hii isingekuwepo. Lakini nilijiona nimeshakomaa. Nikaandika git send-email origin/main. Maana yake, kwa wasiojua (na mimi saa ile nilikuwa miongoni mwao), ni: chukua kila kitu nilichofanya tangu nilipoachana na tawi kuu. Kila kitu.

Ikaniuliza barua ziende kwa nani. Nikabandika anwani ya mradi. Kisha ikaniuliza swali ambalo kwenye majaribio haikuwahi kuniuliza, kwa sababu kule nilikuwa nimeshaitajia mpokeaji: kitambulisho cha barua ninayoijibu, kama ipo. Mimi nikaona ni maswali ya kuthibitisha tu. Nikaandika y.

Ikauliza tena: una hakika unataka kutumia <y>?

Wanangu, mashine ilinishika mkono. Swali hilo liliwekwa makusudi, kwa sababu watu wamekuwa wakijibu y na n mahali pale miaka nenda rudi. Kuna binadamu alikaa chini akaandika msimbo wa kunizuia mimi, bila kunijua. Nikaandika y. Ninajibu barua inayoitwa y.

Kikashuka kichwa cha barua ya kwanza. [PATCH 01/19] jaribio. Niliiona ile 19. Nataka mjue kwamba niliiona. Ubongo ukaniambia hiyo lazima ni tarehe. Chini yake maelezo marefu kwamba kuna anwani zimeongezwa kutokana na ujumbe wa komiti, nani asome saa zile, halafu swali: nitume hii? Ndiyo, hapana, hariri, acha, zote. Nikawaza, "zote" si ndiyo hao wapokeaji wote walioongezwa? Nikabonyeza a.

250. Hiyo ni namba ya seva kusema nimepokea. Nikatabasamu.

250. Tabasamu likabaki palepale, lakini halikuwa langu tena.

[PATCH 03/19] sasa itakubali. 250. [PATCH 04/19] haikukubali. 250. [PATCH 05/19] mbona imekubali? 250. Zilikuwa zinapita taratibu, moja moja, kiasi kwamba mtu mwenye akili angeweza kubonyeza Ctrl na C akanywa maji akarudi. Mimi nilikuwa nazisoma. Namba 8, ongeza nafasi. Namba 9, toa nafasi. Namba 12, hii ikigoma nalala. Namba 13, sijalala. Kwenye 14 ndipo nikaona anwani ya mshkaji inapita, kwa sababu send-email huokota kila mstari wenye cheo kinachoishia na -by na anwani na kumpelekea nakala mhusika. "Kanidanganya" kwake ni cheo kama vyeo vingine.

Ilipofika 17, "hili ndilo la mwisho naapa", vidole vikapata uhai. Ctrl-C. Kimya.

Hesabuni wenyewe. Takataka 17 zimeshaondoka. Namba 18 ilikuwa takataka pia. Namba 19 ndiyo ile ya suti na tai, rekebisho lenyewe, sababu ya usiku wote. Hiyo ndiyo niliyofanikiwa kuizuia.

Mshkaji naye, kuona amepata barua moja ya ajabu kutoka kwangu, akajibu "Kaka umedukuliwa?" Akajibu kwa wote. Kwa hiyo yumo kwenye kumbukumbu za mradi, yeye na cheo chake, na zile hazifutwi. Hiyo sehemu kawaficha.

Asubuhi nikakuta majibu. Nilitegemea matusi. Msimamizi alikuwa amevipitia. VYOTE. Kwa utulivu wa hakimu. Kiraka cha 8 kinaongeza nafasi ambayo kiraka cha 9 kinaiondoa, tafadhali viunganishe. Kiraka cha 6 kina nafasi tupu mwishoni mwa mstari. Ujumbe wa komiti uwe kwa Kiingereza, na mfululizo huu unajibu barua ambayo hakuna aliyeiona. Kwenye 13 alikuwa ametumia mashine ya kutafsiri, akaandika: pole, natumaini sasa umelala. Kisha akauliza 18 na 19 ziko wapi, maana mpaka hapo hajaelewa mfululizo unakusudia nini.

Nikaomba radhi, mistari miwili. Nikatengeneza tawi jipya lenye komiti moja, nikaendesha --dry-run, jaribio lisilotuma kitu, mpaka ikawa ugonjwa, nikatuma na -1 na -v2, yaani toleo la pili. Swali la kitambulisho lilipokuja nikabandika kitambulisho cha barua ya kweli, mikono ikitetemeka.

Msimamizi kajibu sasa hivi. Rekebisho ni zuri, ila kichwa cha komiti hakimaliziwi kwa nukta. Anaomba v3.