Kola Iliyotupwa Kwenye Migomba

Jana usiku nimetolewa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Sikujitoa, nimetolewa, na aliyenitoa ni dada yangu wa tumbo moja. Kosa langu ni picha: baba mkwe wangu kijijini kwake Anambra, kusini-mashariki mwa Nigeria, amekaa sebuleni na kofia yake nyekundu ya ozo, cheo cha heshima cha Waigbo, kashika kola mkononi, ile kokwa chungu ya kutafuna, anaomba. Ukutani nyuma yake kuna Moyo Mtakatifu wa Yesu na kalenda ya parokia. Dada kalenda hakuiona. Aliandika "Ashindwe katika jina la Yesu", baba mdogo akajibu "Amina", nikaondolewa.

Basi nisemee hapa.

Nina miaka tisa Enugu, huko huko kusini-mashariki mwa Nigeria. Nimeoa huku, na vipuri vya magari ndivyo vinavyonilisha. Kabla sijaja, Nigeria niliijua kama mnavyoijua nyinyi: ya kwenye filamu, mganga kapaka chaki jicho moja, nyoka anatapika pesa. Siku ya kwanza kupelekwa ukweni nilikuwa na rozari mfukoni, nimeikaba hadi vidole vinauma. Kilicholetwa kwenye sahani hakikuwa fuvu. Zilikuwa kola, wenyewe wanaziita oji, pamoja na kibakuli cha karanga zilizosagwa na pilipili.

Kola huletwa kabla ya maneno yote. "Onye wetara oji wetara ndu," wanasema, aliyeleta kola ameleta uhai. Sahani ilizungushwa, kila mwanamume akaigusa au kuitazama, ikarudi kwa mzee. Mimi nikaanza kusalimia kwa Kiingereza changu cha Moshi, nimekinyoosha vizuri. Mzee akacheka, akaniambia kola haisikii Kiingereza. Akaomba kwa Kiigbo. Akamwita Chukwu, ndiye Mungu, akaiita Ala, ambayo ni ardhi, kisha akawataja babu zake kwa majina, mmoja baada ya mwingine, kama mwalimu anayeita daftari la darasa. Akasema mwewe atue na tai naye atue, na atakayemkatalia mwenzake, bawa lake livunjike. Sebule nzima ikaitikia: "Isee!" Watoto wameketi sakafuni, shemeji mmoja padri kaketi kwenye sofa, naye anaitikia.

Akaipasua, akahesabu vipande. Vinne. Wakapiga makofi, maana vinne ni Eke, Orie, Afo na Nkwo, siku nne za wiki yao ya masoko. Hizo siku ndizo zilizowazaa kina Okeke, Okorie, Okafor na Okonkwo mnaowasikia kila siku. Ile kola ya vipande viwili huitwa gworo, watu wanaitafuna lakini haiombewi. Nikapewa changu. Uchungu wake hausimuliki, taya linakaza kama umelamba betri, halafu ukinywa maji yanakuwa matamu.

Ndipo mzee akanigeukia. Akauliza, na kwenu wazee wenu mnawaambiaje?

Nikakaa kimya.

Kwetu ni Marangu. Baba yangu alikuwa akiamka kabla ya jogoo, anachukua kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, anateremka kwenye masale, ile mimea mitakatifu ya Wachagga, chini ya kihamba, shamba la ukoo, walikolala babu na baba wa babu. Sisi watoto tuliambiwa ameenda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe gani, na zizi liko nyuma ya jiko? Lakini ukiuliza unapigwa jicho, maana katekista anakaa nyumba ya tatu na kutengwa na kanisa si mchezo. Alinong'ona, akamwaga, akarudi kuvaa koti la Misa. Nimekulia nyumba ile miaka ishirini na mbili na sijui hata sentensi moja aliyokuwa akiwaambia. Amekufa nayo. Hapo sebuleni kwa watu nilitamani niwe na moja tu ya kutoa.

Najua mnachotaka kuandika. "Huyu kapata mke wa Kinigeria, sasa anatuona washamba." Sikuoni mshamba, ndugu yangu, mshamba ni mimi niliyeulizwa swali la mtoto wa darasa la pili nikashindwa. "Umeacha dini." Jumapili niko kanisani kuliko wewe, na misa za huku hazishi mapema. Tena kama unataka ya kanisani, msome Kardinali Francis Arinze. Amezaliwa 1932 Eziowelle, Anambra hii hii, kwa wazazi wa dini ya jadi, akabatizwa akiwa na miaka tisa, na alipokwenda Roma kusomea udaktari wa teolojia aliandika juu ya sadaka katika dini ya Waigbo. Wala hakwenda usiku kuiandika.

Sisi tunakwenda usiku, hilo ndilo linalonichoma. Na siyo kwamba hatuendi! Msimu wa uchaguzi msiniambie hamjui yale magari ya vioo vyeusi yanaelekea wapi. Mwaka 2011 nchi nzima ilipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500, mchana kweupe, mawaziri wakiwemo, kwa sababu Babu aliyekitoa alikuwa mchungaji mstaafu. Dawa ileile angeitoa mzee asiye na kola ya uchungaji shingoni, tungekwenda saa nane za usiku na kofia tumeivuta hadi puani.

Kuna atakayenijibu kwa ukali, na ana haki: "Hizo mila unazozisifu ndizo zilizowaua ndugu zetu wenye ualbino." Hapana, sikubali. Wale walikuwa wauaji na wateja wao wenye pesa, na serikali ilipowapiga marufuku wapiga ramli mwaka 2015 hakuna aliyekuwa akimzungumzia baba yangu na kibuyu chake. Lakini tumeviweka kwenye kapu moja, giza moja, jina moja la "ushirikina", kiasi kwamba mwenye kumwombea babu yake anajificha pamoja na mwenye kisu.

Nisijifanye nimehamia peponi. Huku nako kuna giza. Mwaka 2004 polisi waliingia kwenye vihekalu vya Okija, Anambra hiyo hiyo ya wakwe zangu, wakakuta mafuvu na maiti, na nchi nzima ikashika kichwa. Na kuna suala la osu, wale ambao mababu zao waliwekwa wakfu kwa miungu. Sheria ya kuliondoa ilipitishwa 1956, kabla hata ya uhuru, lakini jaribu kupeleka posa uone: ukoo mzima unatuma wapelelezi kuulizia huyo binti ni wa wapi hasa. Nimeona ndoa ya kijana wa dukani kwangu ikifa hivyo, watu wamesoma, wana digrii, na hakuna aliyeona aibu. Mke wangu, ambaye ndiye aliyenunua kola siku ile, haruhusiwi kuipasua kwa sababu ni mwanamke. Nilimuuliza kama haimuudhi. Akasema inamuudhi kila mara, akaendelea kumenya viazi vikuu. Na walokole wa huku wanachoma vihekalu vya wazee huku wakirekodi kwa simu, dada yangu angepata kazi siku hiyo hiyo.

Ila wanabishana. Padri anabishana na mzee, mzee anabishana na mlokole, mezani, kwa sauti, na mtoto anasikia pande zote. Mimi nilisikia jogoo tu.

Desemba iliyopita tulikuja nyumbani. Mnajua safari yenyewe, siwachoshi. Mzee alinipa kola moja nzima nije nayo, ndivyo mgeni anavyopewa, na akaniambia kola ikifika nyumbani itasema ilikotoka. Niliitoa sebuleni mbele ya watu wote, nimejipanga kabisa, nikaanza kueleza. Dada akaichukua kwa karatasi kama anayeokota panya, akatoka, akaitupa migombani, akarudi akanawa mikono hadi kwenye viwiko. Tukala ndafu. Hakuna aliyesema kitu, baba mdogo kabla ya wote.

Leo alfajiri simu imeita. Baba mdogo, yule wa "Amina". Anaongea chini chini, nasikia majani yanakwaruza. Anasema siku ile usiku alitoka na tochi akaitafuta. Aliipasua kwa wembe, vipande vilikuwa vinne, je, hiyo ni nzuri au mbaya? Nikamwambia nzuri. Akasema alikipeleka kimoja kwenye masale, akawaambia wazee kimetoka kwa wakwe.

"Uliwaambiaje, baba mdogo? Kwa maneno gani hasa?"

Akanyamaza kidogo. Kisha akaanza kuyasema, polepole, kwa Kichagga, nami nikatafuta kalamu gizani ili mke wangu asiamke. Alipomaliza akaniambia, kama baba, nisije nikayaandika kwenye kundi.

Nikamkumbusha kwamba nimeshatolewa.