Jedwali halina rekodi ya kwanza

"ORDER BY ya nini, si data inakuja imepangwa tayari?" Kauli hii kuhusu ORDER BY, maneno ya kuiomba hifadhidata ipange majibu, bado naisikia kwa watengeneza programu wazoefu kabisa. Inakuja imepangwa, ndiyo, mpaka siku itakapoacha. Tangu 1970 Edgar Codd wa IBM, mwasisi wa hifadhidata za majedwali, alionya kwamba programu isitegemee data imelalaje kwenye hifadhi, wala faharasa gani (muundo wa kuharakisha utafutaji) ipo au haipo.

Nailaumu kidogo hifadhidata ya MySQL kwa mazoea haya. Kwenye InnoDB, injini yake ya kuhifadhi data, jedwali lenyewe limehifadhiwa ndani ya faharasa ya ufunguo msingi (safuwima inayotambulisha kila rekodi, kama namba ya mteja), kwa hiyo ukilisoma lote, kwa kawaida rekodi hutoka kwa mfuatano wa ufunguo huo. Watu wakaona ni sheria. Sasa ongeza faharasa kwenye safuwima ya mji, kisha omba namba ya mteja na mji wake tu. Faharasa hiyo mpya hubeba mji pamoja na ufunguo msingi, yaani majibu yote yamo humo. Hifadhidata inaweza kuisoma yenyewe na kuliacha jedwali kando. Wateja wanatoka kwa mfuatano wa miji. Programu hujaigusa hata herufi moja!

PostgreSQL, hifadhidata nyingine, haikufichi sana ukweli huu. Jedwali ni rundo, faharasa ziko pembeni zikionyesha rekodi ilipo. Ukihariri rekodi, toleo jipya huandikwa palipo na nafasi, na huenda likatokea mwisho wa orodha. Amri ya CLUSTER hulipanga rundo kwa kufuata faharasa, ila mara moja tu. Tena tangu toleo la 8.3, usomaji wa jedwali kubwa waweza kuanzia katikati, kwa kudandia usomaji mwingine uliokwisha kuanza.

Mafunzo pekee hayatatuponya. Hifadhidata ya SQLite ina mpangilio uitwao reverse_unordered_selects, unaogeuza majibu ya maulizo yasiyo na ORDER BY ili kasoro ionekane mapema. Ningetaka kila hifadhidata iwe nao, tena uwe umewashwa kwenye kompyuta ya kila mtengenezaji.

Wanaoogopa gharama wakumbuke kuwa faharasa inayolingana na ORDER BY mara nyingi huiondolea hifadhidata kazi ya kupanga. Na ukipanga kwa tarehe, malizia na ufunguo msingi, la sivyo rekodi za tarehe moja zaweza kubadilishana nafasi kati ya ukurasa wa kwanza wa majibu na wa pili.