Semina ya Hisabati Ipimwe kwa Aliyekaa Nyuma

Nenda kwenye semina ya idara ya hisabati, usimtazame mzungumzaji. Tazama viti vya nyuma, walikokaa wanafunzi wa uzamili. Mara nyingi kufikia dakika ya 10 au 12 wamekwisha kuweka kalamu chini. Ubaoni zimeingia fasili tatu kwa mpigo, kila moja na alama zake, na ya tatu inaitegemea ya pili ambayo bado haijawakaa kichwani. Hawatoki, maana kumwacha mwalimu akiongea ni utovu wa adabu. Wanakaa dakika 40 zilizobaki, wanapiga makofi, wanaondoka.

Hapo tumezoea kusingizia ugumu wa somo. Mimi sikubali. Hisabati ni ngumu kweli, lakini kinachowapoteza watu dakika ya 12 ni mpangilio wa mhadhara, na zaidi ya hapo, ni kwamba chumbani hakuna mtu aliyepewa haki ya kusema, "Mwalimu, hebu simama hapo."

Chukua kwanza hisabati safi, ile isiyodaiwa matumizi. Mtu anakuja kuzungumzia kundi la madaraja ya idiali katika nadharia ya namba. Akianza na fasili ya idiali, kisha pete, kisha kundi lenyewe, amewapoteza wote isipokuwa wawili wa fani yake. Mada hiyo hiyo ina mlango ambao hata mwanafunzi wa mwaka wa pili anapita. Andika ubaoni: 6 = 2 × 3. Chini yake andika: 6 = (1 + √−5)(1 − √−5). Waache watu wazidishe wenyewe: 1 jumlisha 5, ni 6 kweli. Sasa eleza kwamba katika namba za umbo a + b√−5, pale a na b ni namba kamili, hakuna hata moja kati ya hizo nne inayovunjika zaidi. Kila namba ya umbo hilo ina kipimo chake, a² + 5b², na namba zikizidishwa vipimo navyo huzidishwa. Kipimo cha 2 ni 4, cha 3 ni 9, na cha zile mbili nyingine ni 6. Ili yoyote ivunjike tunahitaji namba yenye kipimo cha 2 au 3. Ijaribu: b ikiwa sifuri, a² haiwi 2 wala 3, b isipokuwa sifuri, kipimo tayari ni 5 au zaidi. Basi 6 imevunjwa kwa njia mbili zisizopatana, na ile sheria tuliyoizoea tangu shule, kwamba kila namba ina njia moja tu ya kuvunjwa kuwa namba tasa, imeanguka mbele ya macho ya watu.

Kazi hiyo inachukua dakika 5 hivi za chaki. Baada yake unaweza kusema kwamba kundi la madaraja ndilo linalopima sheria hiyo imevunjika kwa kiasi gani, na fasili itapokelewa kama jibu la swali ambalo wasikilizaji tayari wanalo. Fasili isiyotanguliwa na swali ni mzigo tu.

Kwenye hisabati tumizi ugonjwa una sura nyingine, nao nauona umezidi katika mihadhara ya mifumo ya maambukizi, yaani hesabu za jinsi ugonjwa unavyoenea, ambayo vyuo vyetu vya Afrika Mashariki vinaipenda, na kwa sababu nzuri. Ratiba yake mtu anaweza kuikariri. Mchoro wa visanduku 8, kila kimoja kundi lake: wazima, wagonjwa, waliopona na kadhalika. Milinganyo 8 tofautishi. Jedwali la vigezo 20 na ushei. Uthibitisho kwamba majibu ni chanya. Uthibitisho kwamba yana mipaka. Kisha R0, yaani idadi ya watu ambao mgonjwa mmoja huwaambukiza kwa wastani pale ambapo hakuna mwenye kinga, kwa matriksi ya kizazi kijacho, kwa njia ya van den Driessche na Watmough ya mwaka 2002. Kisha uthabiti wa hali isiyo na ugonjwa pale R0 inapokuwa chini ya 1. Mwishoni grafu sita zinapitishwa kwa dakika mbili kwa sababu muda umekwisha. Uthibitisho wa uchanya na mipaka ni lazima uwemo kwenye tasnifu. Kwenye mhadhara wa dakika 50 unatosha sentensi moja. Dakika 15 zinazookolewa hapo ndizo za kueleza kilicho kipya.

Ona jinsi malaria inavyoweza kuelezwa. Daktari Ronald Ross alithibitisha mwaka 1897 kwamba vimelea hukua ndani ya mbu, na baadaye akaiandikia hesabu. Mtafiti wa malaria George Macdonald akaiendeleza katika miaka ya 1950. Kiini chake kinaingia kwenye ubao mmoja. Mbu aliyemuuma mgonjwa hawezi kuambukiza mara moja. Chukua mfano kwamba vimelea vinahitaji siku 10 kukomaa ndani yake. Tuseme nafasi ya mbu kuiona kesho ni 0.9. Kati ya mbu 100 walioambukizwa, takriban 35 wanafika siku ya 10, na kila mmoja ana wastani wa siku 9.5 zilizobaki. Zinakuwa siku 331 hivi za hatari. Sasa shusha 0.9 iwe 0.8 tu. Wanaofika ni 11, wamebakiwa na siku 4.5 kila mmoja, jumla siku 48. Hatari imepungua karibu mara 7, hali kupunguza idadi ya mbu kwa nusu kungeipunguza mara 2 tu. Ndiyo maana chandarua chenye dawa, kinachoua mbu aliyekomaa, kina nguvu kuliko mtu anavyodhani. Mwenye mfumo wa visanduku 8 anapaswa kuanzia hapa, kisha aseme: mimi nimeongeza hiki, na namba ile ya mwisho imebadilika hivi.

Halafu kuna vigezo. Hapa wasikilizaji tunakosea kwa kunyamaza. Jedwali likionyesha 0.05, mtu aulize imetoka wapi. Mara nyingi imenukuliwa kutoka makala nyingine, nayo ukiifungua imeandika kwamba namba hiyo ilikisiwa tu. Uliza pia vizio. Kama umri wa kuishi ni miaka 60, kiwango cha vifo kwa siku ni 1 gawanya kwa 21,900, yaani kama 0.0000457. Anayeingiza 0.0167, ambayo ni 1/60, kwenye mfumo unaohesabu kwa siku, amewapa watu wake siku 60 za kuishi. Programu haitalalamika. Grafu itatoka laini na nzuri, na R0 itakuwa ya uongo.

Kuhusu slaidi sina mengi. Slaidi moja kwa dakika mbili, kwa hiyo 25 ni nyingi tayari. Wanaotumia Beamer, zana ya kutengenezea slaidi za hisabati, waache ule ujanja wa kubana maandishi ili yaenee: fremu yake ya kawaida ni milimita 128 kwa 96 na herufi za pointi 11, na vipimo hivyo viliwekwa ili aliye nyuma asome. Kisichoenea kitolewe. Mistari ya njano kwenye grafu hupotea kabisa kwenye projekta iliyochoka. Kwa uthibitisho, hata wa mistari mitano, ubao unashinda, kwa sababu mkono hauwezi kwenda haraka kuliko akili ya anayesikiliza.

Nirudi kwenye haki ya kusimamisha. Mwanahisabati Israel Gelfand aliendesha semina yake ya Jumatatu katika Chuo Kikuu cha Moscow kuanzia 1943, kwa miongo mingi. Alikuwa akimkatiza mzungumzaji, anamwita mmoja wa wasikilizaji, mara nyingi kijana, aeleze kilichosemwa. Asipoweza, kosa lilihesabiwa kuwa la mhadhara, na mzungumzaji alirudia. Gelfand alijulikana pia kwa ukali, na ukali huo hatuuhitaji. Utaratibu wenyewe tunauhitaji sana, hasa huku kwetu ambako mwanafunzi hathubutu kumkatiza profesa asipoambiwa waziwazi kwamba ni kazi yake.

Napendekeza hivi. Kila semina mwenyekiti amteue mwanafunzi mmoja wa uzamili, amtaje kwa jina kabla mhadhara haujaanza, na mgeni aambiwe tangu anapoalikwa. Mwanafunzi huyo akiinua mkono, mzungumzaji anasimama. Zamu izunguke, ili isiwe adhabu ya mtu mmoja. Mhadhara uishe dakika ya 48. Kabla profesa yeyote hajauliza, mteule apewe dakika mbili aeleze alichoelewa, na aruhusiwe kukieleza kwa Kiswahili hata kama mhadhara ulikuwa wa Kiingereza, kwa kuwa Kiswahili ndicho wanachotumia wanafunzi kuulizana koridoni baada ya semina. Akisema, "Mbu akifa kabla ya siku ya 10 hana madhara, kwa hiyo kumfupishia maisha ni bora kuliko kumpunguza," mambo yamefika. Akikwama, mzungumzaji bado yuko ubaoni, chaki mkononi, na dakika kumi za saa ya semina zimebaki.