Kitabu cha Kells: kikae Dublin au kirudi kwao?

Kells ni mji mdogo wa soko kule County Meath, Ayalandi, kama kilomita 65 hivi kutoka Dublin, na kwa miaka mingi watu wake wamekuwa wakidai kitabu chao. Ndiyo kile Kitabu cha Kells, Injili nne za Kilatini zilizoandikwa na kuchorwa kwenye ngozi za ndama karibu mwaka 800, ambazo kabla ya korona zilikuwa zinavuta karibu watu milioni moja kwa mwaka pale Trinity College, chuo kikuu cha Dublin kinachokitunza. Basi ukitaja madai haya wengi wanacheka, wanasema aah, hao wanataka hela ya watalii tu.

Trinity nao si wezi, tuseme ukweli. Miaka ya 1650 wapanda farasi wa Cromwell, yule jemadari wa Kiingereza, walikuwa wamepiga kambi ndani ya kanisa la Kells, kitabu kikapelekwa Dublin kisije kikaharibiwa, na tangu miaka ya 1660 wanacho na wamekitunza vizuri. Kells kwenyewe kiliwahi kuibiwa, mwaka 1007, kikaja kuonekana baada ya miezi miwili na ushee kimefukiwa chini ya bonge la udongo wenye nyasi, dhahabu yake imeng'olewa. Halafu kuna Iona, kisiwa chenye monasteri kule Uskoti, watawa walitoka huko kuja kujenga Kells baada ya Waviking kuua wenzao 68 mwaka 806, na wataalamu wengi wanaona kitabu kilianzia hukohuko, sasa na Iona nao wadai? Hata msalaba wa sokoni wa Kells, wa mawe, uligongwa na gari pale njia panda ikabidi uhamishiwe kwenye jengo la zamani la mahakama. Mtu akiniambia mji huo haujui kutunza vitu simbishii sana.

Lakini kuna kitu watu wanakiruka. Karne ya 11 na ya 12 watu wa Kells wakipeana au kuuziana ardhi, mapatano yao yaliandikwa humohumo ndani ya Injili, kwenye nafasi zilizobaki wazi, tena kwa Kiayalandi, nani katoa, nani kapokea, nani mdhamini. Na ina akili, maana nani angethubutu kuvunja mkataba uliowekwa ndani ya kitabu cha Mtakatifu Columba mwenyewe, yule mwanzilishi wa monasteri ya Iona? Yaani ile ilikuwa masijala ya ardhi ya mji! Iona hawana kitu cha hivyo mle ndani, Dublin pia hawana. Hata kama wino wa kwanza ulimwagika Uskoti, hizo kurasa ni za Kells, ni mashamba ya Kells, na wale wanaopanga foleni Trinity wanachokuja kuona ni picha, nani ana habari na shamba la mtu?

Wanaopinga hukimbilia stori ya Canberra. Mwaka 2000 juzuu la Marko lilipelekwa maonyesho Australia, likarudi rangi imechubuka kidogo, ikadhaniwa ni mtikisiko wa injini za ndege. Sasa mimi hapo ndo wananichanganya kabisa, kwa sababu Canberra ni upande wa pili wa dunia na waliridhia, ila Kells, mwendo wa saa moja kwa barabara, wanaambiwa kitabu hakisafiri. Na hakuna anayelazimika kubeba chote, tangu 1953 kimejalidiwa katika juzuu nne, tatu zinaweza kubaki Dublin na watalii wasikose kitu.

Kwa hiyo kukirudisha moja kwa moja siungi mkono, Kells hawana chumba cha kukidhibitia joto na unyevu kama Trinity. Kuazimwa kwa miezi michache, chumba kikishajengwa, naunga mkono. Tatizo ni juzuu gani, maana hati za ardhi ziko kwenye juzuu la Mathayo, na ndimo ulimo pia ukurasa wa jina la Kristo, ule maarufu kuliko zote, na huo sioni Trinity wakiuachia.