Askari feki, askari kanzu na miaka miwili ya jela

Chukua mchuuzi wa dagaa anayetoka Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, alfajiri, hela ya mzigo kaifunga kiunoni. Gari lenye vioo vya giza linafunga breki mbele yake, wanashuka wanaume watatu, mmoja ana pingu. "Polisi. Panda, utajieleza kituoni." Akigoma na kumbe ni polisi kweli, kamzuia askari kutekeleza kazi yake, na hiyo ni kesi. Akipanda na kumbe ni wezi, atatupwa huko Usagara bila senti, tena hapo ashukuru.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inalihesabu kujifanya mtumishi wa umma kuwa kosa dogo. Adhabu ya jumla ya makosa ya namna hiyo haizidi kifungo cha miaka miwili, au faini, au vyote. Kenya wameweka mitatu. Kwa hiyo wanaotaka kiwango kipandishwe hadi miaka kumi wana hoja: tapeli wa kawaida anakuibia pesa, askari feki anakuibia pesa na kukuachia woga wa kila sare utakayoiona baadaye.

Lakini miaka miwili mara nyingi si mwisho wa hesabu. Aliyekuja na silaha akapora hukabiliwa na shtaka la unyang'anyi wa kutumia silaha, ambalo adhabu yake huanzia miaka 30. Atakayeumia na kiwango kipya ni yule kijana wa Igoma aliyejiita afande baa ili apewe bia ya bure. Mjinga, ndiyo. Miaka kumi? Sidhani.

Shida yangu iko kwingine. Askari feki hafanikiwi kwa sababu kaigiza vizuri. Anafanikiwa kwa sababu hana haja ya kuigiza. Askari kanzu wa kweli naye huja bila sare, kwa gari lisilo na maandishi, na ukimuuliza kitambulisho anakuona mkorofi. Septemba 2024 Ali Mohamed Kibao, kada wa CHADEMA, alishushwa kwenye basi mbele ya abiria wenzake, kisha akakutwa ameuawa. Ungekuwa umekaa siti ya nyuma yake, ungewatambuaje wale watu? Si bure tumezoea kusema "watu wasiojulikana".

Wapelelezi watajibu kwamba bila askari kanzu huwezi kumnasa muuza dawa za kulevya, na ni kweli. Ila kujificha wakati wa kufuatilia ni jambo moja, kujificha wakati wa kukamata ni jingine. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai tayari inamtaka anayekamata aseme sababu, na anayepekua atoe risiti ya alichochukua. Ningeongeza hapo: kitambulisho kwanza, na anayekiomba asihesabiwe kuwa amekaidi. Kifungu hicho kingemsaidia mchuuzi wetu kuliko miaka kumi anayoahidiwa tapeli.

Nikiri panapovuja. Mvuvi wa kisiwa cha Ukara anayesimamishwa majini saa nane usiku na boti inayodai ni ya doria hana taa ya kusomea kitambulisho cha mtu. Anachojua ni kwamba wenye doria huchukua nyavu haramu, na wezi huchukua injini. Akija kugundua ni wepi, boti imeshaondoka.