Dola 7,000 za El Mariachi na hesabu za sinema ya Dar es Salaam

Kila mjadala wa bajeti unapopamba moto miongoni mwa watengeneza filamu wachanga wa Dar es Salaam, kuna takwimu moja ambayo haikosi kutajwa: dola 7,000. Hiyo ndiyo gharama inayohusishwa na El Mariachi, filamu ya mapigano ambayo Robert Rodriguez, kijana wa Texas mwenye umri wa miaka 23, aliipiga mwaka 1991 katika mji wa Ciudad Acuña, upande wa Meksiko wa mpaka na Marekani. Filamu hiyo ilinunuliwa na Columbia Pictures, ikapata tuzo ya watazamaji katika tamasha la Sundance mwaka 1993, na mwaka 2011 ikaingizwa katika orodha ya filamu zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Kwa kiwango cha shilingi 2,500 kwa dola, tunazungumzia shilingi milioni 17 na nusu, fedha ambazo hapa mjini zinatumika kwenye harusi ya kawaida na kamati bado ikadai michango haikutosha.

Hoja inayojengwa juu ya takwimu hiyo inaeleweka upesi. Ikiwa kijana asiye na studio, asiye na kikosi cha wasaidizi, aliyepata sehemu ya mtaji wake kwa kujitolea kufanyiwa majaribio ya dawa hospitalini, aliweza kufika Hollywood, basi mwongozaji wa Sinza au Tabata mwenye kamera ya kidijitali na kompyuta mpakato hana kisingizio. Wanaopinga hujibu kwamba takwimu yenyewe ni hadaa na kwamba anayeirudiarudia hajawahi kusoma hesabu zake. Nimezisikia pande zote mbili mara nyingi, na ninaona kila moja ina ukweli wake, ila zote zinatumia nguvu nyingi kubishania fedha na kuipita kwa haraka hadithi, ambayo ndiyo iliyofanya fedha kidogo zitoshe.

Hadithi yenyewe ni hii. Muuaji aitwaye Azul anatoroka gerezani na kumsaka mshirika wake wa zamani, Moco, mkuu wa genge la wauza dawa za kulevya. Azul anavaa nguo nyeusi na silaha zake anazibeba ndani ya kasha la gitaa. Siku hizohizo anaingia mjini mwanamuziki asiye na jina, anayetafuta kazi ya kuimba kwenye baa. Naye amevaa nyeusi, naye amebeba kasha la gitaa, isipokuwa lake lina gitaa. Moco anaijua sura ya Azul, lakini vijana anaowatuma hawaijui. Wanachokijua ni nguo nyeusi na kasha. Mhudumu wa hoteli anapomwona mwanamuziki, anapiga simu, na kuanzia hapo mtu ambaye hakuwahi kumkosea yeyote analazimika kukimbia, na hatimaye kuua ili asiuawe.

Hapo ndipo uzito wa filamu ulipo. Taharuki yote inatokana na tofauti kati ya anachokijua mtazamaji na wanachokijua wahusika, na tofauti hiyo hainunuliwi dukani. Hakuna jengo linalolipuliwa ili tuogope. Tunaogopa kwa sababu tunajua kilichomo ndani ya kasha na wanaolitazama hawajui. Makasha yanapobadilishana kwa bahati mbaya, ushahidi wote unageuka: Azul anakamatwa, kasha linafunguliwa, linakutwa na gitaa, anaachiwa, mwanamuziki anakutwa na silaha na kupelekwa kwa Moco. Tazama pia tukio la bafuni, ambapo Domino, mwenye baa, anamwekea kisu kijana huyu aliyekaa ndani ya beseni la kuogea na kumtaka athibitishe kuwa ni mwanamuziki kwa kuimba. Tukio lina watu wawili, chumba kimoja, kisu na gitaa, na bado ni zito kuliko kufukuzana kwa magari kulikogharimu mamilioni katika filamu nyingine. Mwandishi aliyebuni tukio hilo alikuwa ameshaokoa fedha kabla kamera haijawashwa.

Ukilinganisha na mazoea yetu, utaona tofauti mara moja. Enzi za DVD, wasambazaji wa Kariakoo walipokuwa ndio soko, hadithi moja iligawanywa sehemu ya kwanza na ya pili ili ziuzwe diski mbili, na urefu ule ulijazwa kwa kile ambacho kila mtazamaji wa hapa anakikumbuka: gari linapiga honi getini, mlinzi anakuja taratibu, geti linafunguliwa, gari linaingia, linaegeshwa, mlango unafunguliwa, mwigizaji anashuka, anavua miwani, anapanda ngazi. Dakika tatu zimepita na hatujajifunza chochote ila kwamba mhusika ana gari, ambalo nalo huenda ni la kuazima. El Mariachi ina dakika 81 tu. Nayo, jambo ambalo wengi hawalijui, ilikusudiwa soko linalofanana sana na lile la Kariakoo, yaani kanda za video za Kihispania ambazo hazikutarajiwa kuonekana kwenye jumba lolote la sinema. Udogo wa soko haukuwa sababu ya kuvuta muda.

Wale wanaosema fedha si hoja wana ushahidi mwingine mzuri katika namna kazi ilivyofanyika. Rodriguez alikuwa mwongozaji, mpiga picha na mhariri kwa wakati mmoja. Carlos Gallardo, aliyeigiza mwanamuziki, alikuwa mwenyeji wa mji ule, kwa hiyo baa, hoteli, basi na hata jela zilipatikana kwa kujuana. Kiti cha magurudumu kilitumika kusogezea kamera, na matukio mengi yalipigwa mara moja tu kwa sababu filamu ya kamera ilikuwa ghali kuliko muda wa waigizaji. Kamera ilikuwa na kelele, hivyo sauti ilirekodiwa pembeni kwa waigizaji kurudia maneno yao baada ya picha kupigwa. Midomo na maneno yalipoachana wakati wa uhariri, mwongozaji aliruka kwenda picha nyingine, iwe uso wa mtu mwingine au mbwa. Mwendo wa kasi ambao wahakiki waliusifu ulizaliwa kwa sehemu na tatizo hilo. Kwa mtu aliyezoea kusikia kwamba picha haikatiki upesi kwa sababu vifaa havitoshi, huo ni mfano wa kutafakari.

Hata hivyo, upande wa pili hauongozwi na uvivu, kama unavyotuhumiwa. Hesabu ya dola 7,000 na ushei inaishia kwenye kanda ya video. Rodriguez hakuwa ametengeneza nakala ya kuonyeshwa kwenye jumba la sinema, kwa kuwa hakuihitaji. Ilikuwa Columbia iliyolipia kuihamishia filamu kwenye mkanda wa milimita 35, kuisafisha sauti na kuitangaza, na gharama hizo zilizidi bajeti ya mwanzo mara nyingi. Filamu iliyoingiza takriban dola milioni 2 katika majumba ya Marekani, kwa maana hiyo, haikuwa tena ile ya dola 7,000. Isitoshe, dola ya mwaka 1991 ilikuwa na nguvu zaidi ya mara mbili ya dola ya leo. Anayemwonyesha mfadhili wa Mikocheni takwimu ile bila maelezo haya anampa mfadhili sababu nzuri ya kutoa kidogo.

Liko pia suala ambalo mimi ninaliona kubwa kuliko yote upande huu, nalo ni la jasho la watu. Filamu ile iliwezekana kwa sababu karibu hakuna aliyelipwa ujira wa kweli. Waigizaji walikuwa marafiki, wenyeji na hata mtu ambaye Rodriguez alikutana naye hospitalini wakati wa yale majaribio ya dawa, Peter Marquardt, ndiye aliyeigiza Moco. Kwa kazi ya mara moja, ya vijana wanaojifunza, hilo linaweza kuvumilika. Likigeuka kuwa mfumo, ni jambo jingine. Dar es Salaam tayari ina mfumo huo: mwigizaji chipukizi anapewa nauli na chakula cha mchana, anaahidiwa jina, na mtu wa taa hapewi hata hiyo ahadi. Katika filamu ya mapigano mambo ni mabaya zaidi, maana anayeanguka kutoka ghorofani juu ya godoro chakavu hana bima, na akivunjika mkono gharama ni ya familia yake. Unafuu wa bajeti mara nyingi ni deni lililohamishiwa kwa mtu ambaye jina lake haliandikwi kwenye bango.

Je, hadithi ya namna hii ingesimama hapa? Watazamaji wa vibanda umiza, waliokulia kwenye sauti za kina Lufufu wakitafsiri filamu za nje papo kwa papo, wanaijua vizuri fani ya magenge na visasi. Ugumu uko kwenye kile kinachomfanya mtu afananishwe. Wazo la kwanza linalomjia mwandishi wa hapa ni begi la shangazi kaja: vijana wawili wanashuka kituo cha mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, kila mmoja na begi lake, moja lina nguo na jingine lina unga. Linavutia, lakini halifanyi kazi, kwa sababu basi moja linashusha mabegi ishirini ya aina ileile na genge lisingejua limkamate nani. Kasha la gitaa lilifaa kwa kuwa halikuwa la kawaida, ila halikuwa geni kiasi cha kushangaza. Ningemshauri mwandishi afikirie zaidi bandarini, ambako mpiga taarabu anaweza kushuka boti ya Zanzibar na kasha bapa la ganuni, ala ya nyuzi ya taarabu, bila yeyote kushtuka, na bado akawa mtu pekee mwenye kasha hilo siku hiyo.

Kinachofanya kisa hiki kiwe na uzito wa pekee katika mji huu ni kwamba kufananishwa hapa si mbinu ya kubuni tu. Mtu mmoja akipiga kelele ya mwizi pale Mtaa wa Kongo, aliyekuwa anakimbilia daladala anaweza kupoteza maisha kabla hajapata nafasi ya kujieleza, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiorodhesha mauaji ya aina hiyo katika ripoti zake za kila mwaka. Januari 2006, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi wao waliuawa na polisi jijini, na umma ukatangaziwa kwamba waliouawa walikuwa majambazi. Uchunguzi wa tume iliyoongozwa na Jaji Mussa Kipenka ulionyesha kwamba hawakuwa. Mwongozaji atakayechukua mkondo wa El Mariachi hana haja ya kuazima genge la Meksiko. Anachohitaji ni kuamua kama atathubutu, na kama atakuwa na staha kwa familia ambazo bado zipo.

Ujasiri huo una gharama isiyoandikwa kwenye bajeti. Rodriguez aliazima jela halisi na silaha za polisi wa mji mdogo. Hapa upigaji picha unahitaji kibali, filamu hukaguliwa na Bodi ya Filamu kwa mujibu wa sheria iliyotungwa mwaka 1976, na hakuna mwongozaji mwenye akili timamu atakayemvisha mwigizaji sare ya polisi na kumpa bunduki ya bandia barabarani bila barua mkononi. Mtetezi wa bajeti ndogo atasema barua ni bure. Muda wa kuifuatilia si bure, na kwa kikosi kinachokodi kamera kwa siku, muda ndio fedha. Isaac Nabwana, mwongozaji wa filamu wa Wakaliga, Kampala, ameonyesha tangu mwaka 2010 kwamba mapigano yanaweza kupigwa kwa fedha ndogo kuliko hata za Rodriguez, lakini amefanya hivyo kwa kucheka na watazamaji wake. Kisa cha mtu anayeuawa kwa kosa la mwingine hakistahimili mzaha mwingi.

Kwa hiyo, nikipewa shilingi milioni 17 na nusu leo, sehemu kubwa ya kwanza ningeilipa kwa mwandishi, kwa miezi kadhaa ya kuandika na kuandika upya, ambayo ndiyo kazi inayolipwa vibaya kuliko zote katika sinema yetu. Inayofuata ningeipeleka kwenye sauti, kwa sababu mtazamaji wa simu husamehe picha yenye giza lakini hasamehi maneno asiyoyasikia, na Rodriguez mwenyewe aliponea kwenye studio iliyomsafishia sauti yake. Kinachobaki kingelipa waigizaji wachache, kila mmoja kwa mkataba, hata kama ni mdogo. Hesabu hiyo haifiki mwisho wa filamu, na sijifanyi kwamba inafika. Soko la diski limekwisha, chaneli za kulipia hununua zaidi tamthiliya za vipande vingi kuliko filamu moja iliyokamilika, na kwenye YouTube malipo hutokana na matangazo kadiri watu wanavyotazama, hali inayomshawishi mwongozaji aurefushe mfululizo na asifichue kamwe nani ni nani. Kisa cha kufananishwa kinataka ukweli ujulikane ndani ya saa moja na nusu, na mnunuzi wa saa hiyo moja na nusu bado ni mgumu kumpata hapa mjini.