Msikilizaji wa Kitabu Hajamdanganya Mtu

Ukisema umemaliza riwaya kwa kuisikiliza, mara nyingi utaulizwa: "Kwa hiyo hukuisoma?" Wanaouliza hivyo si watu wabaya. Wengi ni walimu, wazazi na wapenzi wa vitabu wanaoona vijana wakiikimbia karatasi, na wanahofu kwamba kitabu cha sauti ni njia nyingine ya kutoroka. Hofu hiyo ina msingi, hasa kwa watoto wadogo. Lakini hukumu inayotolewa kwa wasikilizaji wote, wakubwa kwa wadogo, kwamba wanachofanya ni uvivu, haina haki, na anayeumizwa nayo zaidi ni kijana anayevihitaji vitabu hivyo kuliko mtu mwingine yeyote.

Kwa watu wazima ushahidi umetulia kuliko mabishano yetu. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani, Beth Rogowsky, Barbara Calhoun na Paula Tallal, waliwapa watu wazima 91 sehemu za kitabu kimoja cha kisa cha kweli. Kundi la kwanza lilisikiliza, la pili likasoma kwenye kioo, la tatu likasoma huku linasikiliza. Walipoulizwa maswali papo hapo, na tena baada ya wiki mbili, haikuonekana tofauti ya maana kati ya makundi hayo. Mwaka 2019 maabara ya Jack Gallant katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ilichapisha matokeo ya watu 9 waliopigwa picha za ubongo wakisikiliza hadithi na wakizisoma hadithi hizohizo. Namna ubongo ulivyozipanga maana za maneno ilikaribia kufanana. Neno likishaingia, ubongo haujali sana limepitia wapi.

Upande wa pili nao una tafiti zake, na hazifai kufichwa. Mwaka 2010 David Daniel na William Woody waliwapa wanafunzi wa chuo makala ya kitaaluma, wengine kwa maandishi na wengine kwa sauti, na waliosikiliza walifanya vibaya zaidi kwenye jaribio. Virginia Clinton-Lisell, aliyejumlisha tafiti 46 mwaka 2022, hakukuta tofauti kwa ujumla, ila aliona kwamba maandishi yanashinda pale msomaji anapoachiwa aende kwa mwendo wake, na pale maswali yanapomtaka ang'amue jambo ambalo halikusemwa waziwazi. Sababu si ngumu kuiona. Jicho likikutana na sentensi nzito linarudi nyuma lenyewe, hata kabla mwenyewe hujajua kwamba umerudi. Sikio linaburutwa mbele. Na akili ya msikilizaji, kama majaribio yalivyoonyesha, hutangatanga zaidi kuliko ya anayesoma kimya.

Kwa hiyo mimi kitabu cha sheria, cha uchumi au cha hoja zinazojengwa moja juu ya nyingine nakisoma kwa macho, kalamu mkononi. Riwaya, tawasifu, safari na historia inayosimuliwa, hizo nazisikiliza bila wasiwasi wowote. Ambacho sikikubali ni kuongeza kasi mara mbili ili umalize vitabu vingi. Anayekisoma kitabu kwa sauti vizuri anapotua kabla ya jibu la mhusika, kule kutua ni sehemu ya kazi yake, na ukikukata umekata kitabu chenyewe.

Tena tuulizane saa zenyewe zinatoka wapi. Mama anayeanza kukanda unga wa maandazi saa kumi alfajiri hana mkono wa kushika kitabu. Dereva wa lori anayetoka Dar es Salaam kwenda Tunduma hana jicho la kukipa. Mzee mwenye mtoto wa jicho, aliyekuwa akisoma gazeti mpaka matangazo ya vifo, sasa anaona ukungu. Saa zao hizo hazikunyang'anywa karatasi, maana karatasi haikuwa nazo kamwe.

Tukumbuke pia kwamba kitabu cha sauti hakikuanza kama anasa ya watu wenye haraka. Kilianza kwa wasioona. Marekani ilianza kuwatumia santuri za vitabu mwaka 1934, kila upande ukichukua kama dakika 15, kiasi kwamba kitabu cha saa 10 kilitaka santuri 20. Uingereza ilifuata mwaka 1935, na miongoni mwa waliolengwa walikuwa askari waliopofushwa katika Vita Kuu ya Kwanza. Sijawahi kumsikia mtu akimwambia asiyeona kwamba riwaya aliyoisikiliza hakuisoma. Kama kwake ni kusoma, anayetaka kuwanyima wengine jina hilo anapaswa kueleza ni kitu gani kinachobadilika katika kitabu pale msikilizaji anapokuwa na macho mazima.

Kwetu sisi hoja hiyo ina uzito zaidi. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, ulitungwa ili ughaniwe watu wausikie. Utendi wa Mwanakupona wa mwaka 1858 ulipita kutoka kinywa hadi kinywa kwa wanawake waliousikia na kuukariri, na sidhani kuna anayethubutu kusema hawakuujua. Na si ushairi tu. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa "Twende na Wakati", uliohimiza uzazi wa mpango, lakini kwa miaka miwili ya mwanzo eneo la Dodoma halikurushiwa, makusudi, ili watafiti wapate pa kulinganisha. Kwingineko, waliousikiliza waliongeza kutumia uzazi wa mpango na kuuzungumza baina ya mke na mume, kuliko ilivyotokea Dodoma. Mchezo wa redio na kitabu ni vitu viwili. Lakini hadithi iliyoingia kwa sikio peke yake, ikafika mpaka chumbani mwa watu, haiwezi kuitwa kelele za kupitisha muda.

Kwa vijana nitakaa zaidi kidogo.

Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer walipendekeza kwamba kuelewa maandishi ni zao la vitu viwili vinavyozidishwa: uwezo wa kulitambua neno lililoandikwa, na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe. Kwa kuwa ni kuzidisha, kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Sasa mchukue kijana wa miaka 14 ambaye kuzungumza na kufikiri kwake ni kwa miaka 14, ila kusoma kwake ni kwa mtoto wa miaka 8. Hawa si wachache. Tathmini za Uwezo, mpango unaopima kusoma na kuhesabu kwa watoto nchini Tanzania, Kenya na Uganda, zimetuonyesha tena na tena watoto wengi wanaofika madarasa ya juu bila kumudu hadithi ya darasa la pili. Mpe kijana huyu kitabu kinacholingana na usomaji wake, naye atakutana na sungura aliyemlaghai fisi. Atakificha chini ya dawati kwa aibu. Mpe kinacholingana na akili yake, atakwama aya ya kwanza. Basi hasomi chochote.

Na kutosoma chochote hakumwachi pale alipokuwa, jambo ambalo naona wanaodharau vitabu vya sauti hawalifikishi mwisho wake. Lugha ya vitabuni haipatikani kijiweni. Fadhaa, kughairi, tahayuri, licha ya, hatimaye: maneno haya, na sentensi ndefu zinazoyabeba, mtu huyapata kwa kukutana nayo mara nyingi ndani ya hadithi. Kijana asiyefika kwenye hadithi hayapati. Mwaka baada ya mwaka, kile cha pili, yaani kuielewa lugha, ambacho alikuwa nacho kizima, nacho kinadumaa. Alianza na tatizo la herufi, anamaliza na tatizo la lugha na maarifa. Kwa Mtanzania anayeingia kidato cha kwanza na kukuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza, mambo huwa mazito maradufu. Kitabu cha sauti hakimfundishi herufi, na asidanganywe kwamba kinamfundisha. Kinachofanya ni kuulinda upande uliokuwa mzima wakati upande ule mwingine unatibiwa.

Mpwa wangu yuko kidato cha pili. Akisoma kwa sauti darasani herufi zinamponyoka, anabuni neno kutokana na silabi ya kwanza, wenzake wanacheka. Nilimpa riwaya ya kusikiliza, inayomhusu baba aliyemfukuza mwanawe, akawa anaisikiliza akiosha vyombo. Jioni moja niliona ameisimamisha kwa kiwiko, mikono imejaa povu, akaniuliza: "Mjomba, huyu mzee hataki kusamehe au anaogopa akisamehe wataona alikosea?" Swali hilo ndilo analolitafuta mwalimu wa fasihi katika darasa zima. Bado anasoma polepole, na bado ana saa yake ya kukaa na mwalimu wa kumrekebisha herufi. Ila tangu hapo anajijua kuwa ni mtu wa vitabu, na ni rahisi zaidi kumkalisha kwenye hiyo saa.

Watu watasema mtihani ni wa maandishi. Ni kweli, na mtu asimwache mtoto akafika chumba cha mtihani akiwa na masikio peke yake. Lakini kumnyima sauti hakujawahi kumfanya msomaji. Kumemfanya mtazamaji wa video fupifupi.

Kwa watoto wadogo nawapa wapinzani haki yao karibu yote. Mtoto wa miaka mitano au sita anatakiwa aione herufi, aiguse, aikosee, aiandike. Hakuna sauti inayofanya kazi hiyo kwa niaba yake. Na wanaolisema hili kwa nguvu zaidi ni wasioona wenyewe. Shirikisho la Taifa la Wasioona la Marekani, katika ripoti yake ya mwaka 2009, lilipiga yowe kwamba wanaosoma nukta nundu, yaani maandishi yanayopapaswa kwa vidole, nchini humo hawafiki asilimia 10 ya wasioona, na likasisitiza kwamba kusikiliza pekee hakumpi mtoto tahajia, alama za uandishi wala umbo la sentensi. Ikiwa watu ambao vitabu hivi vilitengenezwa kwa ajili yao wanasema hivyo, mzazi mwenye mtoto anayeona hana sababu ya kuikabidhi simu kazi ya kufundisha kusoma.

Hata hivyo, mtoto anayesikiliza huku kitabu kiko mapajani, kidole kikifuata mstari, anapata vyote viwili. Na kwa nyumba ambayo mzazi mwenyewe hasomi vizuri, au anarudi kazini watoto wameshalala, sauti ya mtu anayesoma vizuri ni bora kuliko ukimya. Kama mzazi yupo na anaweza kusoma, asome yeye. Mtoto humkatiza mzazi na kuuliza, na mazungumzo yale yana faida yake.

Yote haya yanategemea sauti yenyewe, na hapa tuna upungufu mkubwa. YouTube imejaa simulizi za Kiswahili, nyingine zimesomwa na watu wenye kipaji cha kweli, nyingine zimesomwa mbiombio na muziki juu yake mpaka maneno yanazama. Siku hizi zimeingia sauti za kompyuta. Kwa tangazo la benki zinatosha. Mpe kompyuta ubeti wa utenzi wenye mizani nane kila kipande, itausoma kama risiti, itapita juu ya kina bila kukigusa, na mtoto atakayeusikia hivyo atadhani ushairi wetu ni orodha ya maneno magumu. Fedha kidogo iliyopo iende kwa wasomaji ambao ni watu: waigizaji wa redio, walimu wastaafu wenye lafudhi safi ya Lamu, Unguja, Tanga au Lubumbashi.

Bando nalo si la kupuuzwa. Kitabu cha saa 10 kikirekodiwa kwa ubora wa kilobiti 64 kwa sekunde ni takriban megabaiti 290, na kwa kilobiti 32, ambazo kwa sauti ya mtu mmoja anayesoma zinasikika vizuri tu, ni nusu yake. Wachapishaji waweke toleo hilo jepesi, na liweze kupakuliwa kwenye intaneti ya shule au maktaba mara moja na kusikilizwa mara nyingi.

Na mwandishi alipwe. Simulizi nyingi zinazozagaa ni riwaya za watu waliochapisha kwa jasho lao, zikasomwa na mtu mwingine bila ruhusa na kumwingizia yeye fedha za matangazo. Kenya na Tanzania zimejiunga na Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, unaoruhusu vitabu kugeuzwa kuwa sauti kwa ajili ya wasioona na wengine wasioweza kusoma maandishi ya kawaida bila kumwomba mwenye haki. Ruhusa hiyo ni ya haki, na inaweza kuwahusu hata vijana wenye tatizo la kutambua herufi kama mpwa wangu. Haimhusu mwenye chaneli anayetafuta watazamaji. Mwandishi wa Kiswahili anaposaini mkataba leo, aangalie kifungu cha haki za sauti kimeandikwa kwa jina la nani, na kama hakipo, akidai kabla ya kuweka saini.